Marobota ya Nguo Hayamwokoi Mtu

Kila kimbunga kinapopiga pwani yetu ya mashariki ya Afrika, maneno ni yale yale misikitini, makanisani, maofisini na kwenye makundi ya WhatsApp: "Pesa mimi sitoi, zitaliwa. Nitatoa nguo." Anayesema hivyo husema kwa moyo safi. Anaamini kwamba nguo haiibiki, kwamba gauni lililotoka kabatini kwake Ilala au Eastleigh litafika moja kwa moja mwilini mwa mama aliyesombewa nyumba na maji. Akishapiga picha ya mifuko ikipakiwa kwenye lori, anaona amekwisha kupata ushahidi kwamba msaada umefika. Imani hii ni potofu, na wanaoumia kwayo ni wale wale tunaotaka kuwasaidia.

Tuchukue kimbunga ambacho wengi wetu tunakikumbuka. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, Idai kilitua karibu na mji wa bandari wa Beira, Msumbiji. Upepo uliezua mapaa ya mji mzima, lakini mauaji makubwa yaliletwa na maji. Mito ya Buzi na Pungwe ilivunja kingo zake, na mashamba ya mkoa wa Sofala yakageuka ziwa. Watu zaidi ya 600 walikufa Msumbiji peke yake, na mamia wengine Chimanimani huko Zimbabwe na kusini mwa Malawi. Mahindi yalikuwa yamekaribia kuvunwa. Yalioza yakiwa yamesimama majini. Barabara ya N6, inayoiunganisha Beira na bara hadi mpaka wa Zimbabwe, ilikatika. Kwa siku kadhaa hapakuwa na njia ya kuingia mjini ila kwa ndege au kwa meli.

Sasa fikiria maana ya hilo kwa mtu aliyeko juu ya paa Buzi. Uwanja mmoja wa ndege ndio mlango. Helikopta ni chache, mafuta yanahesabiwa, na kila boksi linaloingia linachukua nafasi ya boksi jingine. Robota la nguo likipanda, mapipa ya dawa ya kutibu maji yanabaki. Hakuna ndege isiyo na mwisho wa uzito wake, na ghala likishajaa, limejaa.

Haya yalikwisha kuonekana miaka mingi kabla ya Idai. Mwishoni mwa 1998 Kimbunga Mitch kiliua maelfu ya watu Honduras na Nicaragua, wengi wao kwa mafuriko na maporomoko ya tope. Maofisa wa misaada wa Marekani wamesimulia jinsi marobota ya nguo zilizotolewa na watu wema yalivyorundikwa kwenye uwanja wa ndege huko Honduras, hadi ndege iliyobeba vifaa vilivyohitajika kweli ikakosa pa kutua. Nguo zile zilitolewa kwa upendo, na bado zilimzuia daktari.

Mtetezi wa nguo atasema: lakini watu walikuwa uchi! Ndiyo, wapo waliotoka na nguo moja iliyolowa mwilini. Lakini Beira ni mji wenye wafanyabiashara. Mitumba imejaa masoko ya Msumbiji kama ilivyojaa Karume na Gikomba. Maji yakipungua, wauza nguo huosha mizigo yao, huianika na kuanza kuuza. Kutoka Dar es Salaam hadi Beira ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara. Unavuka Ruvuma, unashuka hadi Zambezi, na bado hujafika. Dizeli ya lori hilo, posho ya dereva, ushuru na siku za foleni mpakani vinakula fedha nyingi. Fedha hiyo hiyo ingenunua nguo pale pale Beira, kwa saizi za watu waliopo, kutoka kwa mama muuzaji ambaye naye alipoteza nyumba. Badala yake tunamletea bidhaa ya bure inayommalizia biashara yake.

Nirudi kwenye kiini cha imani yenyewe, kwamba kitu hakiliwi. Wiki sita tu baada ya Idai, tarehe 25 Aprili 2019, shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kutoka Sofala. Wanawake walionusurika walieleza kwamba baadhi ya viongozi wa mitaa waliokuwa wakiandika majina ya watakaopewa chakula waliwadai pesa ili waandikwe. Wasio na pesa walidaiwa miili yao. Kilichokuwa kikigawiwa ni mchele, unga na maharage: vitu, vile vile tunavyoviita salama. Gunia lilipita mikononi mwa mwenye orodha, mwenye orodha akawa mungu mdogo wa kijiji, na mama mwenye watoto wenye njaa akalipa kwa heshima yake. Sijui hoja gani nyingine ingehitajika kuizika imani kwamba mzigo unaoonekana kwa macho haudhulumiwi. Gunia halina jina la mwenyewe wala kumbukumbu ya mikono iliyolishika, na likishafunguliwa hakuna wa kulihesabu tena.

Hofu ya pesa haikuzuka hewani, na sitaki kuidharau. Watanzania tuna kumbukumbu ya Kagera. Baada ya tetemeko la Septemba 2016, maofisa wa serikali waliondolewa kazini kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina sawa na la akaunti rasmi ya maafa. Wengi walioisikia habari ile waliapa kutochanga tena. Marekani, nchi yenye polisi na mabenki ya kila aina, haikupona pia. Kimbunga Katrina kilipovunja kingo za New Orleans mwishoni mwa Agosti 2005, tovuti mpya za kuomba misaada ziliibuka kwa maelfu, na nyingi zilitiliwa shaka na FBI. Kabla wiki mbili hazijaisha Wizara ya Sheria ilikuwa imeunda kikosi maalumu cha kuwasaka matapeli wa Katrina. Mwizi hufuata msiba kama nzi afuatavyo kidonda.

Basi wizi upo. Swali ni kama tunajilinda nao kwa kubadilisha tunachotoa, au kwa kuchagua tunayempa. Mimi nasema ni la pili, na nasema pesa ndiyo inayolindika zaidi. Pesa iliyopita benki au M-Pesa huacha alama: nani katuma, saa ngapi, nani kapokea, kiasi gani. Mwaka 2022 shirika la GiveDirectly, linalowapa maskini fedha taslimu kupitia simu, liliibiwa takribani dola 900,000 huko Kivu Kusini, na baadhi ya wafanyakazi wake wenyewe walihusika. Ni aibu kubwa. Lakini tunaijua kwa sababu wizi ulifuatiliwa, na shirika lenyewe likautangaza hadharani pamoja na kiasi kilichopotea. Niambie ni mara ngapi umesikia kamati ya kukusanya nguo ikitangaza idadi ya mifuko iliyopotea njiani. Haitangazi kwa sababu haikuhesabu.

Ipo imani nyingine, ndugu ya hii, nayo inavutia watu wenye elimu zaidi: kwamba shirika aminifu ni lile linaloahidi kwamba kila shilingi inakwenda kwa mwathirika bila senti moja kubaki ofisini. Tangazo la namna hiyo hunifanya nishike mfuko wangu. Nani anaendesha boti? Nani analinda ghala usiku? Nani anakagua kama majina yaliyo kwenye orodha ni ya watu walio hai, na nani anamsikiliza yule mama wa Sofala akija kulalamika kwamba ametakiwa mwili? Hao wote wanalipwa mishahara. Mhasibu na mkaguzi wa hesabu ndio wanaosimama kati ya sadaka yako na mla sadaka. Tunataka wizi ukome, kisha tunamnyima mlinzi posho!

Ninayemwamini mimi ni yule aliyekuwako kabla upepo haujavuma. Msalaba Mwekundu wa Msumbiji ulikuwa na wafanyakazi wa kujitolea vijijini Sofala miaka mingi kabla ya Idai, wenyeji wanaojua mto unapita wapi ukifurika na bibi gani anaishi peke yake. Hali ni hiyo kwa Msalaba Mwekundu wa Tanzania na wa Kenya. Shirika lililozaliwa Jumatatu kwa sababu kimbunga kilipiga Jumapili huenda lina watu wema, lakini halina ghala wala orodha, na halina kesho: pesa ikitoweka, hutapata mlango wa kubisha.

Namwamini pia anayepokea kwa jina la taasisi. Mchango unaoelekezwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi usitume, hata kama ujumbe umeletwa na shemeji yako. Shemeji hakuuandika, aliusambaza tu. Chukua namba ya malipo kutoka ofisini kwao au kwenye taarifa yao wenyewe, kisha linganisha tarakimu moja moja, kwa sababu tapeli hubadilisha moja tu. Kwa Waswahili walioko Muscat, Minneapolis au Leicester ni muhimu zaidi, maana wao hutuma kwa haraka, kwa uchungu wa kuwa mbali, na wenye kuwinda uchungu huo wanalijua hilo.

Na juu ya yote, namwamini anayeweza kusema basi. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, dunia nzima ilipokuwa ikimwaga fedha Asia, madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walitangaza siku chache baadaye kwamba walichopata kwa ajili ya tsunami kinawatosha, wakawaomba watoaji waelekeze michango kwingine. Kulikuwa na mashirika yaliyokasirika, yakisema tangazo lile linawakatisha watu tamaa. Kwangu mimi tangazo lile ni dalili ya uaminifu kuliko picha elfu za watoto waliovaa fulana mpya. Anayejua anahitaji kiasi gani ndiye anayejua anafanya nini.

Simlaumu jirani. Mafuriko yakiingia mtaa wa pili, chungu cha uji, shuka kavu na sebule ya kulala watoto ni msaada unaofika ndani ya saa moja, na hakuna shirika linaloweza kushindana nao. Wa kwanza kuokoa watu siku zote ni majirani. Wala sisemi serikali isipeleke chakula: Tanzania ilipeleka chakula na dawa kwa nchi zilizopigwa na Idai, kwa mapatano na wenyeji, na ndivyo inavyopaswa kwa mzigo ulioombwa. Ninachopinga ni mzigo ambao hakuna aliyeuomba, uliotumwa mbali ili mtumaji ajisikie salama.

Tazama kilichookoa watu Beira mara maji yalipoanza kupungua. Tarehe 27 Machi kipindupindu kilitangazwa. Tarehe 3 Aprili chanjo ilianza kutolewa, na katika siku chache zaidi ya watu 800,000 walikuwa wameinywa. Wagonjwa walizidi 6,000, lakini waliokufa hawakufika kumi. Chanjo ile ilitoka katika akiba iliyolipiwa mapema, ikasafirishwa kwa majokofu, ikatolewa na wauguzi waliolipwa. Hakuna mtu duniani aliyeikuta kabatini mwake.

Halafu wiki sita baada ya Idai, tarehe 25 Aprili, Kimbunga Kenneth kikapiga Cabo Delgado, kaskazini, jirani zetu kabisa. Kisiwa cha Ibo, ambako wazee huzungumza Kimwani na nusu ya maneno yao utayaelewa bila mkalimani, karibu nyumba zote ziliharibiwa. Mwenye fedha aliweza kuzihamisha kutoka Sofala kwenda Pemba, mji wa huko Cabo Delgado, kwa siku moja. Mwenye marobota Beira alibaki nayo Beira. Mwishoni mwa Mei wafadhili walikutana Beira: mahitaji ya kujenga upya yalihesabiwa kuwa dola bilioni 3.2, ahadi zikafika bilioni 1.2. Kamera zilikuwa zimeondoka. Hapo ndipo mkulima anahitaji mbegu na mabati, hapo ndipo shule inahitaji paa, na ndipo michango yetu huwa imekauka kwa sababu tulimaliza huruma yote wiki ya kwanza tukijaza mifuko.

Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza Novemba na kuisha Aprili, ingawa Kimbunga Hidaya kilitufikia Mafia mwezi Mei 2024 na kutuonyesha kwamba hata kalenda hiyo si ya kutegemea. Msomaji, usingoje upepo. Chagua taasisi moja sasa hivi. Nenda ofisini kwao au wapigie simu, uliza ripoti ya hesabu ya mwaka jana, uliza walifanya nini kimbunga kilichopita na nani aliwakagua. Wakijibu, watumie kiasi kidogo kila mwezi, nusu yake ukiiacha kwa ajili ya miezi ambayo redio haitaji tena jina la kimbunga. Wasipojibu, tafuta wengine. Na nguo zako mpe jirani anayezihitaji leo.