Mzegazega na Kalamu: Chakula cha Njiani Jijini Hanoi

Wahakiki wengi wa fasihi hukitazama chakula kama pambo la mandhari. Mhusika hula, ukurasa hufunuliwa, hadithi ikaendelea. Mtazamo huu ni finyu, na mji unaoufichua ufinyu wake ni Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, hasa nyakati za jioni ambapo njia za waendao kwa miguu hugeuka sebule. Makala haya yanadai kwamba chakula cha njiani huko ni matini kamili, kwamba waandishi wa Vietnam walilitambua hilo mapema, na kwamba serikali inayoienzi sahani huku ikimfukuza mpishi inachana kurasa za kitabu inachodai kukihifadhi.

Jua likishatua katika mitaa mikongwe ya mji huo, viti vya plastiki visivyofika magotini hupangwa ukingoni mwa barabara, pikipiki zikipita karibu kiasi cha kumgusa mlaji mgongoni. Hapa pana sufuria ya phở: tambi bapa za mchele zinazomwagiwa supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka kwa saa nyingi pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni, mdalasini na karafuu. Pale pana konokono waliochemshwa kwa mchaichai. Mbele kidogo pana glasi za chai ya barafu. Aghalabu mpishi hupika kitu kimoja tu, naye hukipika kwa miaka mingi, pengine baada ya mamaye.

Majina ya mitaa yenyewe yananukia jikoni. Hàng Muối ni mtaa wa chumvi, Hàng Đường wa sukari, Hàng Mắm wa samaki waliochachushwa. Mtaa mmoja ulioitwa kwa biashara ya rangi ulibadilishwa jina ukawa Chả Cá, kutokana na samaki wa kubanika wa familia moja waliovuma hapo. Ni nadra chakula kuishinda ramani.

Hapo awali phở haikuwa na duka. Ilitembea begani mwa mchuuzi katika kile Wavietnam wakiitacho gánh: mti mmoja, mizigo miwili, upande huu moto na sufuria, upande ule bakuli na tambi. Kiswahili hakina haja ya kukopa neno hilo. Mzegazega umo katika kamusi zetu, ingawa si ajabu mwanafunzi akahitimu shahada bila kuutamka.

Sasa tazama kalamu zilivyoufuata mzegazega huo. Thạch Lam aliviandikia vyakula vya mitaani insha zilizochapishwa mwaka 1943, baada ya kifo chake. Nguyễn Tuân aliandika insha nzima juu ya phở mwaka 1957, akalaumiwa na waliodhani kwamba katika enzi ya ujenzi wa ujamaa mwandishi hana ruhusa ya kuihangaikia bakuli ya supu. Vũ Bằng, aliyehamia Saigon nchi ilipogawanywa mwaka 1954, aliandika kitabu kuhusu vitoweo vya Hanoi ambayo hangeweza kuirudia. Kwake, ladha ilikuwa njia ya kuuvuka mpaka uliofungwa kwa silaha. Nani atakayeshikilia kwamba hilo ni pambo?

Watu wa kawaida nao hawakusubiri ruhusa ya waandishi. Wakati wa vita, nyama ilipokosekana katika maduka ya serikali, phở isiyo na nyama ilibatizwa phở không người lái, yaani phở isiyo na rubani, kwa kufananishwa na ndege za upelelezi za Marekani zilizopaa bila mtu ndani. Kejeli hiyo ina vita, njaa na ucheshi kwa pamoja. Katika lugha ya mitaani, wali ni mke wa nyumbani na phở ni hawara. (Wanaofundisha sitiari na waujaribu mfano huu darasani, usingizi utakwisha.)

Lugha hiyo imezaliwa njiani, na njia ndiyo inayofungwa. Mwaka 2008 uongozi wa Hanoi ulipiga marufuku uchuuzi katika mitaa 62. Mwaka 2017, katika iliyokuwa Wilaya ya Kwanza ya Jiji la Ho Chi Minh, naibu mwenyekiti wa wilaya aliongoza kampeni ya kusafisha vijia vya miguu, akitamani eneo lake liwe Singapore ndogo. Msomaji wa Nairobi, aliyezoea kumwona mama akikusanya karai lake mbio kanjo watokeapo, hahitaji maelezo zaidi. Kisha mwaka 2024 phở ya Hanoi ikatangazwa rasmi kuwa urithi wa taifa usioshikika. Kuna mkahawa wa kawaida Hanoi ambako Barack Obama na Anthony Bourdain walikula bún chả mwaka 2016 wakiwa juu ya viti vya plastiki. Meza yao ikazungushiwa kioo. Kuienzi phở na kumfukuza mpishi wake kijiani ni kuigeuza jioni nzima ya Hanoi kuwa meza ile.

Watetezi wa marufuku hawakosi hoja. Mpita njia ana haki ya kijia, na maji ya kuoshea bakuli huzua maswali ya afya. Lakini Singapore wanayoitamani haikuwafukuza wachuuzi ikaishia hapo. Iliwasajili, ikawajengea vituo vyenye maji, na mwaka 2020 utamaduni wa vituo hivyo ukaingizwa katika orodha ya UNESCO. Anayeiga usafi wa Singapore bila gharama ya Singapore ameiga ufagio tu.

Hata hivyo, hata vituo vizuri vina kinachopotea. Huko kusini, jijini Ho Chi Minh, kuna tambi ziitwazo hủ tiếu gõ. Neno gõ ni kugonga: msaidizi wa mpishi hupita vichochoroni usiku akigonganisha vipande viwili vya mti au chuma, na aliye kitandani hujua chakula kimefika bila neno kutamkwa. Msaidizi huchukua agizo, hurudi na bakuli, kisha hupita tena kukusanya vyombo. Tanakali hiyo imekuwa jina la chakula. Siku hizi wachuuzi wengi wa baiskeli hutumia kipaza sauti chenye mwito uliorekodiwa, sauti ileile kwa kila mtaa, nacho kituo chenye paa na namba ya meza hakina kichochoro cha kugongwa. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaokariri vipera vya utanzu wao wangeanza kurekodi miito ya wachuuzi, ya Hanoi kwa walio huko, na ya Gikomba na Kongowea kwa walio hapa, kabla betri haijachukua nafasi ya koo.