Yamini Haiuzwi

Wapo wanaowacheka makasisi wa Kianglikana waliokataa kumwapia William wa Tatu mwaka 1689, wakiwaita watumwa wa mfalme aliyekimbia. Kicheko hicho hakijui historia. Juni 1688 maaskofu saba, akiwamo William Sancroft, Askofu Mkuu wa Canterbury, walifungwa katika Mnara wa London kwa kugoma kusomesha makanisani tangazo la James wa Pili, mfalme huyo huyo. Mahakama ikawaachia huru. Mwaka uliofuata, watano kati ya hao saba walikikataa kiapo kipya, kwa kuwa walikwisha kumwapia James, naye alikuwa hai. Ni mtumwa gani humpinga bwana wake hadi kifungoni, kisha akapoteza cheo kwa kutomsaliti?

Sancroft aliondolewa Lambeth. Makasisi wapatao 400 wakapoteza riziki zao. Siitetei imani yao kwamba wafalme hutawala kwa haki ya Mungu. Imekufa, na isifufuke. Natetea jambo jingine: kwao neno lililokwisha kutamkwa lilikuwa zito kuliko mkate. Kiswahili cha kale kinaujua uzito huo, kwani yamini ni kiapo, tena ni mkono wa kuume. Avunjaye yamini hujikata mkono.

Nasi wasomi, tunaobadili sifa kila ikulu inapobadili mwenyeji, tumebakiwa na mikono mingapi? Tuwacheke makasisi wale siku tutakapoonyesha walau neno moja tulilolilipia.