Tumepata Trela, Baiskeli Zetu Je?



Mtu akisimama kando ya barabara pale Rumonge saa kumi na moja jioni, wakati mashamba ya michikichi yanapotoa watu, ataona jambo ambalo sisi tumelizoea hata hatulioni tena. Trekta linapita likivuta trela. Ndani ya trela mna mikungu ya chikichi, juu ya mikungu wamekaa watu, na nyuma kabisa, kwenye mkia, zinaning'inia baiskeli. Sita, nane, siku nyingine zaidi ya kumi, zimefungwa kwa kamba ya katani iliyokwisha kufungwa na kufunguliwa mara mia. Na juu ya ubao wa nyuma wamekaa vijana wawili watatu, miguu nje, kila mmoja ameshika baiskeli kwa mkono. Hao ndio kamba ya pili.

Tunataka kusema juu ya jambo hili leo. Wako watakaocheka kwamba chama kimeacha mambo ya mishahara sasa kinaandika habari za kamba. Mambo ya mishahara hayajaachwa, na baiskeli yenyewe ni sehemu ya mshahara, kama tutakavyoona.

Tuanze na mlima. Ziwa letu Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima iliyo nyuma yetu inapita mita 2,000. Michikichi inapenda joto la bondeni, lakini wafanyakazi wengi wanakaa juu, upande wa Buyengero na Burambi, kwa sababu huko ndiko liliko shamba la baba. Asubuhi baiskeli inambeba mtu, anashuka nayo mpaka kazini karibu bila kukanyaga pedeli. Jioni mtu anaibeba baiskeli. Ameshinda na panga au na fimbo ndefu ya kuangusha mikungu, shingo inamwuma kwa kutazama juu, halafu asukume chuma kile mlimani saa mbili, saa tatu, giza limekwisha kuingia.

Sasa wako wakubwa wanaouliza: kwa nini msiache baiskeli nyumbani, mkapanda trela mikono mitupu? Swali hili huulizwa na mtu mwenye gari. Trela haliendi mpaka mlangoni mwa mtu, linakomea njia panda. Na baiskeli hiyo, siku ya Jumapili, ndiyo inayopeleka bidoni mbili za mawese sokoni, au ndizi, au ndagala waliokaushwa. Faranga za shamba hazimfikishi mtu mwisho wa mwezi, za baiskeli ndizo zinazomalizia. Na kuiacha kazini usiku ni sawa na kumzawadia mwizi. Tangu uhaba wa mafuta ya gari ulipotubana, mwaka 2022 na zaidi tena mwaka 2024, hata wale waliokuwa wakipanda basi walitafuta baiskeli. Kwa hiyo zimeongezeka, na mkia wa trela ni ule ule.

Sasa tuseme kosa letu wenyewe, maana si haki kuwaandika waajiri tu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shamba moja ambalo hatutalitaja, tulikaa mezani na mwajiri kudai usafiri wa jioni. Mazungumzo yalikuwa marefu. Tulipata trela. Tulitoka pale tunapeana mikono, tukaenda kuwatangazia wenzetu, na wanawake wakapiga vigelegele. Karatasi ilisema kwa mistari miwili kwamba mwajiri atawapeleka wafanyakazi hadi njia panda kila siku ya kazi. Neno baiskeli halikuwamo. Hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria, ingawa wote watano tulikuwa tumekuja kwenye mkutano ule kwa baiskeli na tulikuwa tumeziegemeza ukutani nje ya mlango.

Siku ya kwanza kapita alisema: watu juu, baiskeli mtajua wenyewe. Tukazifunga nyuma, na tulisaidia kufunga kwa mikono yetu. Baada ya miezi michache, siku ya mvua, trela liliingia shimoni, kamba ikakatika kwenye ukingo wa ubao, baiskeli moja ikabaki inaburuta kwa gurudumu la nyuma. Mwenye baiskeli alikuwa amekaa pale pale mkiani. Akainama kuidaka. Nani asingeinama? Ilikuwa bado ana deni lake dukani. Usukani wa baiskeli ukamnasa kotini, akaenda chini pamoja nayo, na trekta likatembea hatua nyingi kabla dereva hajasikia kelele zetu, maana mlio wa trekta unameza kila kitu. Nyonga ilivunjika mahali pawili. Hakukata mkungu tena tangu siku ile.

Tulipokwenda kwa mwajiri, majibu yalikuwa matatu na yote yalitolewa kwa upole. La kwanza, saa za kazi zilikuwa zimekwisha. La pili, baiskeli si mali ya kampuni. La tatu, hakuna aliyemwamuru akae mkiani. Kwa la kwanza tulikuwa na jibu: kanuni za bima ya jamii za nchi yetu zinahesabu ajali ya njiani, mtu anapokwenda kazini au anaporudi, kuwa ajali ya kazi. Na si nchi yetu tu. Mkataba nambari 121 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1964, unaitaka kila nchi ieleze wazi ni wakati gani ajali ya njiani ni ajali ya kazi. Basi tukaenda INSS tukiwa na uhakika. Huko tukakuta jina la mwenzetu halimo. Alikuwa kibarua wa siku, mwaka wa nne sasa kibarua wa siku, na hakuna aliyempeleka kuandikishwa. Na sisi wa chama hatukuwa tumeuliza. Wenzake walichanga, kila mtu alichoweza, ikatosha hospitali na mwezi mmoja wa chakula.

Lakini jibu la pili na la tatu ndiyo yaliyotuuma zaidi, kwa kuwa karatasi tuliyoitia sahihi ilikuwa upande wa mwajiri. Tulidai mahali pa mtu, hatukudai mahali pa baiskeli yake. Na mtu asiyepewa mahali pa kuweka baiskeli yake atakwenda kukaa ilipo baiskeli.

Tueleze sasa kwa nini mkia ni mahali pabaya kuliko pote, maana hata baadhi ya madereva hawajui. Trela letu la shamba lina ekseli moja. Gurudumu likiruka, pale juu ya ekseli mzigo unaruka kidogo, lakini mkiani, mbali na ekseli, unaruka zaidi na kupigwa zaidi. Tena uzito ukizidi nyuma, mbele panainuka, chuma cha kuvutia kinakuwa chepesi kwenye trekta, na trela linaanza kutikisa mkia kama mbwa. Mvuvi ye yote wa Minago atakuambia: jaza mzigo wote nyuma ya mtumbwi, pua itainuka na mtumbwi utakataa kwenda unakotaka. Halafu kuna taa. Baiskeli nane zilizobanana zinafunika taa za nyuma na vioo vyekundu vyote, na huku kwetu saa kumi na mbili na nusu ni giza. Lori linalotoka Nyanza-Lac halioni trela, linaona giza lenye magurudumu. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kutoa fedha za kuijenga upya barabara ya Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, nasi hatuna ugomvi na barabara nzuri. Lakini barabara ikiwa nzuri mwendo unaongezeka, na kamba ni ile ile.

Huko Ulaya wako watu wanaokokota nyumba ndogo ya magurudumu nyuma ya gari, wanakwenda nayo likizo, na baiskeli za kutembelea wamezifunga nyuma yake. Italia na Hispania sheria inataka mzigo kama huo unaotokeza nyuma uwekewe kibao cha nusu mita kwa nusu mita, chenye mistari myekundu na myeupe inayong'aa, ili anayefuata auone. Hiyo ni kwa baiskeli ya starehe. Yetu ya kazi haina hata kitambaa chekundu.

Hatuwezi kuzungumza habari za mkia bila kuwageukia wenzetu wanaoshika lori kwa mkono. Jambo hili linajulikana zaidi kwenye barabara ya Bujumbura kupanda Bugarama (Bugarama ya Muramvya, siyo Bugarama yetu ya huku kusini). Wanashuka na ndizi kwa kasi ya kutisha, na wanaporudi wananing'inia nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye chuma cha lori, mwingine kwenye usukani. Kwetu tunaliona kwenye mpando wa kwenda Bururi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani unakataza mwendesha baiskeli kukubali kuvutwa na chombo kingine, na sababu yake haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kufika kwenye mazishi ya mmoja wao. Lakini hatutawatukana. Mtu hashiki lori kwa kupenda mchezo. Anashika kwa sababu mlima ni mrefu na hakuna aliyempa njia nyingine. Mwanachama wetu anayefanya hivyo wakati shamba lake lina trela, huyo tutamsema waziwazi. Ambaye shamba lake halina, tutasema na mwajiri wake kwanza.

Wenzetu wa viwandani msidhani haya ni ya mashambani tu. Anayetoka Kabezi au Magara kwenda kiwandani Bujumbura anapakia baiskeli nyuma ya pikapu, moshi wa ekzosi unachoma tairi lake, na utingo anamtoza nauli ya pili. Serikali ilipozuia baiskeli kuingia katikati ya mji, Machi 2022, wengi walilazimika kutafuta mahali pa kuziacha pembeni ya mji, na kiwanda gani kilifikiria kuwajengea hata paa la mabati? Uwanja wa magari ya wakubwa upo.

Tunachotaka si kikubwa. Baiskeli ziwekwe mbele ya trela, siyo nyuma. Chuma kimoja kilale kutoka upande hadi upande nyuma ya ubao wa mbele, kichomelewe, na baiskeli zisimame hapo wima, moja ikitazama kulia na ya pili kushoto ili misukani isishikane. Kila baiskeli ifungwe mahali pawili, kwenye fremu na kwenye gurudumu, kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Mpira unabana na kufuata mtikisiko, katani inasagika kwenye ukingo wa ubao mpaka inakatika. Dereva asimame baada ya mwendo mfupi, aangalie vifungo, ndipo aendelee. Mkiani asikae mtu, hata kama baiskeli ni mpya, hata kama ni ya kapita. Na neno baiskeli liandikwe ndani ya mapatano, kwa wino, pamoja na neno kwamba vibarua wa siku nao wameandikishwa INSS. Mwajiri akisema atatoza kila baiskeli, msikubali. Baiskeli ndiyo inayomfikisha mfanyakazi kwake saa kumi na mbili asubuhi bila yeye kulipa kitu.

Katika shamba lile tulilolitaja bila kulitaja, chuma cha mbele kimekwisha kuchomelewa. Ilichukua mwaka mzima na mikutano minne. Mwenzetu wa nyonga anaziba pancha kando ya soko la Rumonge, amekaa kwenye kiti kifupi alichotengenezewa na shemeji yake, na vipande vya mpira vinavyofunga baiskeli za trela lile yeye ndiye anayevikata. Mjumbe anayetaka trela la kwake lifanywe vivyo hivyo alete kwetu upana wa ubao wa mbele na idadi ya baiskeli za watu wake. Fundi wa kuchomelea anataka kujua hayo mawili kabla hajataja bei.