Reli Ndizo Hunyoosha Ubao

Hoja iliyochapishwa kwamba ruta ya kujiendesha, yaani mota yenye kisu kinachozunguka kwa kasi huku ikisogezwa juu ya reli na mota nyingine ndogo, ni anasa kwa kuwa mashine ya randa inatosha, inapuuza jambo la msingi: rola za randa huukandamiza ubao uliopinda, ukanyooka kwa muda, kisha ukitoka huurudia mpindo wake. Ruta haikandamizi ubao, ambao hutegemezwa kwa kabari usicheze, bali hufuata reli. Kwa hiyo reli zikipotoka hata milimita 1, kosa hilo huhamia usoni mwa ubao. Gharama ilipaswa kujadiliwa hapo, kwenye unyoofu wa reli. Tena ubao wa mvule wenye upana wa sentimita 60 hauingii katika randa ya sentimita 30, jambo ambalo mwandishi wa hoja hiyo, ajabu, hakuligusa.