Boma la Songea: Gereza Lilitangulia Mahakama

Kila ifikapo tarehe 27 Februari watu wa Songea hukusanyika Mahenge, penye Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wadachi siku kama hiyo mwaka 1906. Hotuba husomwa, ngoma huchezwa, mashada huwekwa juu ya kaburi la pamoja, na juu ya kaburi la Nduna Songea Mbano aliyenyongwa peke yake siku chache baadaye. Jambo hilo ni la haki na la heshima. Lakini katika hotuba zote hizo ni nadra kusikia mtu akiuliza mashujaa wale walitoka wapi asubuhi ile ya kunyongwa. Walitoka gerezani. Walikuwa wafungwa wa boma, na boma lile lilikuwa limekwisha kufunga watu kwa miaka karibu tisa kabla yao. Juma hili twataka kusema juu ya gereza hilo, maana tumeona ya kuwa watu wetu wanaijua sana kamba na hawaujui mnyororo.

Tuanze na mwanzo. Wadachi waliingia Ungoni na askari wao mwaka 1897, wakajenga boma karibu na makao ya Nduna Songea, na mji huu ukapata jina lake. Mkubwa wao, Luteni Engelhardt, aliwaita wakuu wa Wangoni waje barazani kusikia maneno ya Serikali. Wakaja, kama watu wenye adabu wanavyokuja wakiitwa. Walipokwisha kukusanyika, askari wakawazunguka, na wakuu wale wakashikwa hata wakubali amri za mgeni. Hapakuwa na shitaka, wala shahidi, wala hakimu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya boma la Songea: kuwashika waliokuja kwa kuitwa. Mtu akiuliza kwa nini twasema gereza lilitangulia mahakama katika nchi hii, jawabu ni hilo.

Na kabla ya hapo? Tusidanganyane. Wangoni hawakuwa malaika. Walipiga vita, waliteka watu wa makabila mengine, na wako wazee katika mkoa huu ambao babu zao waliletwa Ungoni kama mateka. Mkosaji mkubwa aliweza kuuawa, na mkosaji mdogo alilipa fidia. Lakini nyumba ya kuwekea watu mwezi baada ya mwezi, wakihesabiwa asubuhi na jioni, haikuwako. Hata lugha yetu yashuhudia. Neno "gereza" lilikuja na Wareno huko pwani, nalo kwao lilikuwa jina la kanisa; likawa jina la ngome, kisha likawa jina la mahali pa kufungia watu. "Mahabusu" ni la Kiarabu. "Jela" ni la Mwingereza. Lililo letu wenyewe ni "kufunga" tu, nalo twalitumia kwa mzigo, kwa mbuzi na kwa mlango.

Kule pwani ngome ziligeuzwa jela kabla ya boma letu kujengwa, au karibu na wakati huohuo. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno mwaka 1593, Waingereza waliifanya jela mwaka 1895, ikabaki jela hata mwaka 1958. Unguja walijenga jela juu ya kisiwa cha Changuu mwaka 1893, wasiwatie wafungwa, wakakifanya kisiwa mahali pa kuwatenga wagonjwa. Lakini jina la Kisiwa cha Magereza halijatoka mpaka leo. Ndiyo kusema Mdachi na Mwingereza hawakutofautiana sana katika shauri hili, na sisi hatutaki kumsifu mmoja kwa kumlaumu mwenzake.

Sasa tuseme jinsi boma lilivyoendesha kazi yake. Tarehe 22 Aprili 1896 Serikali ya Berlin ilitoa amri juu ya adhabu za wenyeji katika makoloni yake ya Afrika. Amri hiyo yafaa isomwe na kila mwanachama, kwani ni fupi na ni baridi. Iliruhusu viboko, faini, kifungo cha kazi ngumu, kifungo cha mnyororo, na kifo. Viboko visizidi 25 kwa mara moja. Ndiyo "hamsa ishirini" ya wazee wetu, ambayo waliitaja kwa Kiarabu hata wale wasiojua neno jingine la Kiarabu. Hukumu yenyewe iliweza kutimizwa kwa mara mbili, muda wa majuma mawili ukipita katikati ili mgongo upone kidogo. Wanawake waliondolewa katika viboko. Waarabu na Wahindi nao waliondolewa. Aliyebaki ni Mwafrika mwanamume.

Tena amri ile ilikuwa na kifungu ambacho sisi twakiona kuwa ndicho moyo wake. Bwana mwenye shamba au mwenye msafara, mtumishi wake akiwa mvivu au mkaidi machoni pake, aliweza kumpeleka bomani, na mkubwa wa boma akamtia viboko au mnyororo usiozidi siku 14. Fikirini maana yake, ndugu. Mtu anafungwa na Serikali kwa sababu tajiri wake amekasirika. Hakuiba, hakupiga mtu, hakuchoma nyumba. Na aliyehukumu ni mkubwa yuleyule wa boma aliyekusanya kodi, aliyeamuru askari, na aliyetafuta watu wa kutengeneza barabara. Wakili hakuwako. Daftari la sheria ambalo mshitakiwa angeweza kuonyeshwa kosa lake halikuwako.

Juu ya hayo ikaja kodi. Agizo la kodi ya nyumba lilitolewa mwaka 1897 likaanza kutumika mwaka 1898, na kibanda cha shamba kikatozwa rupia 3. Rupia hazikuota Ungoni. Mwenye kukosa alitakiwa kuilipa kwa kazi ya mikono, na mwenye kukimbia kazi alifuatwa na askari. Hapo ndipo wananchi wa kawaida, wasiokuwa wakuu wala wapiga vita, walipoujua mlango wa boma. Wengi waliopita gerezani katika miaka ile hawakuwa waovu katika macho ya jirani zao, na ndiyo sababu ya wazee wa zamani kutokuona aibu kusema "nilifungwa." Aibu ya jela ilikuja baadaye, tulipoanza kuamini ya kuwa anayefungwa ana kosa.

Picha za mnyororo wa wakati ule zipo, tena nyingi, maana Wazungu wenyewe walipenda kuzipiga. Utaona watu katika mstari, kila mmoja ana pete ya chuma shingoni, na mnyororo mmoja wapita kutoka pete hata pete. Wa mbele akijikwaa, wa nyuma hukabwa. Akiugua mmoja, wote husimama. Katika hali hiyo walichota maji, walibeba mawe, walifyeka njia, na nyuma yao alikwenda askari mwenye bunduki. Yeyote aliyepata kuona picha za misafara ya watumwa, ile iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ikipita nchi yetu hata Kilwa, hataona tofauti kubwa. Na Wadachi walikuja, kama walivyosema, kuondoa utumwa. Tungecheka, kama chuma kile hakikuwa shingoni mwa babu zetu.

Tena walikuwa watu wa hesabu. Kila mwaka idadi ya adhabu za maboma ilikusanywa na kupelekwa juu, na kwa hesabu yao wenyewe, tangu 1901 hata 1913, hukumu za viboko katika koloni nzima zilipita 60,000. Hizo ni zilizoandikwa. Fimbo ya askari njiani haikuandikwa, wala kofi la msimamizi wa shamba.

Basi ilipofika 1905 na vita vya Majimaji vikatufikia, boma lilikuwa limekwisha kuwafundisha watu wetu sababu ya kupigana. Twasikia mara nyingi ikisemwa ya kuwa vita vililetwa na uganga wa maji. Maji yaliwapa watu moyo na yaliwaunganisha. Hasira walikuwa nayo kabla ya kuyanywa.

Vita vilipovunjika, gereza la Songea lilijaa. Nkosi Mputa Gama wa Njelu alikuwamo, na manduna, na watu wengine wa cheo. Mengi tunayoyajua juu ya siku zao za mwisho yatoka katika maandishi ya mapadre Wabenediktini, ambao waliingia gerezani kuwafundisha dini, na wengi wa wafungwa wakabatizwa kabla ya kunyongwa. Tunawashukuru mapadre kwa kuandika. Lakini angalieni jambo hili: maneno ya wafungwa wenyewe yametufikia kupitia midomo ya watu waliokuwa na ruhusa ya kuingia na kutoka. Hakuna hata karatasi moja tuliyowahi kuonyeshwa ambamo mfungwa wa Songea asema kwa mkono wake nini kilimpata. Tarehe 27 Februari wakatolewa, zaidi ya 60, wakanyongwa. Nkosi Chabruma wa Mshope alikimbilia upande wa Wareno akafa huko. Nchi nzima ikaingia katika njaa.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akasimama Mahenge mbele ya wajukuu na vitukuu, akaomba msamaha. Akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Nduna Songea, ambalo wazee wasema lilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Sisi tuliyapokea maneno hayo kwa adabu, na twangojea kazi. Lakini twasema wazi: fuvu si deni pekee. Karatasi za Serikali ya Wadachi zimo katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na nyingine zimo Berlin. Ni za Kijerumani, nyingine kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa taabu. Kama Ujerumani yataka kulipa kitu kisichohitaji mabishano ya miaka, na ilipe wasomaji wa karatasi hizo: kila palipo jina la mfungwa wa boma lolote, liandikwe kwa Kiswahili, kosa aliloandikiwa, na adhabu aliyopewa. Yachapishwe, yawekwe Mahenge, na nakala zipelekwe katika kila shule ya mkoa. Kazi hiyo haina gharama kubwa kuliko mnara mmoja.

Na sisi wenyewe je? Ingekuwa unafiki kunyamaza hapa. Mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini, na mwizi wa mali ya umma au mla rushwa akapewa, pamoja na kifungo, viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka, "akamwonyeshe mkewe," kama watu walivyotania. Kimoja pungufu ya hamsa ishirini! Wako wanachama wenzetu watakaotukasirikia kwa kusema hivi, na watasema mwizi astahili. Labda. Lakini waliotunga sheria ile walikuwa wana wa watu waliochapwa, na fimbo waliyoiokota ilikuwa ya boma. Sheria ya mwaka 1972 ilipunguza mambo hayo, kisha mengine yakarudishwa, na kiboko hakijatoka katika vitabu vyetu vya sheria. Nasi tuliosomea ualimu twajua ya kuwa hata shuleni kanuni za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, na zikaagiza viandikwe katika kitabu. Daima kitabu.

Hatusemi magereza yafungwe. Nchi isiyo na pa kumweka mwuaji haipo. Twasema ya kuwa mtoto wa Songea afundishwe gereza liliingia nchini mwake kwa mlango gani, ili siku akiwa askari, au hakimu, au diwani, mtu akiletwa mbele yake, aulize kwanza kosa.

Wakati tunangojea Berlin, iko kazi ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Majina ya wafungwa wa boma yamo pia vichwani mwa wazee wa Ruvuma: babu aliyefungwa kwa kodi, mjomba aliyebeba mawe, ndugu aliyepelekwa na hakurudi. Wanaoyakumbuka wanapungua kila masika. Twawaomba makatibu wa matawi, kutoka Peramiho hata Namtumbo, na Mbinga hata Tunduru, wanunue daftari moja, wachague kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri, wamtume kwa wazee. Aandike jina la mfungwa, kijiji chake, sababu ya kufungwa kama yajulikana, na jina la mzee aliyesema. Madaftari yafike ofisi ya wilaya kabla ya Februari.