Tusifungie lokole mlango

Ndugu zetu wachimbaji, na ninyi mama na watoto mnaowangojea huku mjini: mkikodi muziki kwa ndoa ao kwa matanga, mnalipa kwa jasho la karyeri. Basi muko na haki ya kumuuliza fundi wa sauti neno moja: mlango wake wa makelele ameupima namna gani?

Mlango huo, mafundi wanauita geti, unakaa kati ya mikro na bafule. Sauti ikipita kizingiti, unafunguka. Ikishuka chini yake, unafungika. Hapa Kisangani sababu ya kuutaka ziko nyingi: umeme unakatika, grupu inanguruma nyuma ya nyumba, ampli ya gitaa inavuma hata mpigaji akipumzika. Hatuukatai mlango.

Tunachokataa ni kipimo kimoja kwa vyombo vyote. Ngoma kubwa ya batri, ile ya mguu, inalia kwa nguvu na kwisha mara moja. Mlango wake ufunguke chini ya milisekunde 1, na ufungike kisha milisekunde 100 ao 200. Ukiweka kipimo hicho kwa gitaa ya sebene, unakata mkia wa kila sauti. Gitaa inataka nusu sekunde, hata zaidi. Kwa mwimbaji usifunge kabisa, punguza tu desibeli 10 hivi, sivyo neno la kwanza linapotea. Na likembe? Vile vipete vya chuma vimewekwa kwa kusudi ili vivume. Kuvuma kwake ni muziki, si makelele.

Lakini lokole ndiyo inaumia zaidi. Ni gogo lililochimbwa tumbo, lenye midomo miwili: mmoja wa sauti ya juu, mwingine wa sauti ya chini. Inafuata kupanda na kushuka kwa maneno ya watu. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyekaa Yakusu, karibu na mji wetu, alieleza hayo katika kitabu chake cha 1949, Talking Drums of Africa. Kwa Kilokele, neno lisaka linaweza kuwa dimbwi, ahadi ao sumu. Kinachotenganisha ni sauti ya juu na ya chini tu.

Sasa fundi akipandisha kizingiti, mdomo wenye sauti dogo haufungui mlango. Unabaki mlio wa upande mmoja. Watu watacheza, ndiyo, lakini ujumbe umekufa. Na Walokele wanapeana majina ya ngoma. Mwenzetu akifia shimoni, wazee wakimwita kwa jina hilo kwenye matanga, nusu ya jina inabaki ndani ya mashine. Hiyo ni haya kwetu sote.

Fundi atajibu: "Nikiacha wazi, grupu itasikika." Ni kweli, lakini mlango hauondoi grupu. Ukifunguka tu, nguruma inaingia pamoja na sauti ya mtu. Dawa ya kwanza ni kupeleka grupu mbali, nyuma ya ukuta, na kusogeza mikro karibu na chombo. Kwa lokole weka mikro mbili, moja kila upande. Kisha hapo, kama kweli kunabaki makelele, ndipo mlango utumike, na kizingiti kiwe chini.

Tunawaomba jambo jepesi. Kabla ya kulipa, kila mpigaji apige peke yake, kwanza kwa nguvu, halafu pole pole. Ile ya pole pole ikikatika, fundi ashushe kizingiti ao azime geti kabisa. Ni kazi ya dakika chache. Na mzee wa lokole asimame karibu na bafule, asikilize: yeye ndiye atasema kama jina limetoka lote.