Istilahi Zizaliwe Karakanani

Kwa miaka mingi, wakereketwa wa Kiswahili wamelalama kwamba lugha hii imenyimwa nafasi katika sayansi na teknolojia. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kiliitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, hadhi ya kikatiba haiundi istilahi. Istilahi huundwa na watu wanaoielewa kazi inayotajwa, na hapo ndipo wasomi wa Kiswahili hawawezi kukwepa lawama.

Hebu ichukuliwe hali ya mwanafunzi wa elektroniki, awe Kitale au Bungoma, anayeunda mtambo kwa FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake hupangwa na msanifu mwenyewe baada ya kutoka kiwandani. Ili chipu hiyo iwasiliane na kumbukumbu ya aina ya DDR3, programu ya usanifu humtaka ajaze mambo mawili: volteji na "saa" ya kumbukumbu.

Neno "saa" ndilo la kwanza kumpotosha. Saa ya saketi haimwambii mtu wakati. Hupiga tu mapigo yanayofuatwa na sehemu zote, mithili ya ngoma iongozayo wachezaji. Tena, kumbukumbu iitwayo DDR3-1600 hupigiwa mapigo milioni 800 kwa sekunde, wala si milioni 1600. Data hupita pigo linapopanda na hupita tena linaposhuka, ndipo 1600 ikapatikana. Anayejaza 1600 kama kasi ya mapigo ameidai kumbukumbu maradufu ya uwezo wake. Istilahi mbili, "mapigo" na "mapitisho", zingemwepusha na kosa hilo.

La pili ni kitenzi "kuweka". Mapigo huwekwa kweli, kwa kuwa chipu huyazalisha kwa kadiri iliyoandikwa. Volteji sivyo. DDR3 ya kawaida huhitaji volti 1.5, DDR3L volti 1.35 na DDR4 volti 1.2, kwa kawaida umeme huo hutoka kwenye kidhibiti kilichofungwa katika bodi. Anachoandika mwanafunzi ni taarifa tu, ili pini za chipu zijiandae ipasavyo. Mpiga litungu wa Kibukusu hakazi uzi kwa kutangaza kwamba umekazika. Basi na isemwe kwamba mapigo "huwekwa" na volteji "hubainishwa". Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa yote mawili. Kiswahili hakilazimiki kuurithi utata huo.

Wapo watakaodai kwamba vitabu vya fani hii vimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo juhudi hizi ni kutwanga maji kinuni. Dai hilo halina mashiko. Kitabu kinaweza kubaki kwa Kiingereza, lakini kuelewa hutokea katika mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi, na mazungumzo hayo yanahitaji maneno yasiyopotosha.

Kitale kuna chuo cha kitaifa cha ufundi. Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, ambako Kiswahili na taaluma ya tarakilishi hufundishwa ndani ya ua mmoja. Mwanaisimu na avuke ua huo, aketi kando ya meza ya fundi, aulize kila kifaa kinafanya nini kabla ya kukipa jina. Orodha za istilahi zinazotungwa ofisini zimekwisha kuthibitisha udhaifu wake: husifiwa kwenye makongamano, kisha zikasahauliwa kabatini. Atakaye cha mvunguni sharti ainame.